Filamu darasani na watu wasio na pa kulala: walimu na wazazi wa Unguja na Pemba, tuzungumze

Maalim_Wete

Assalaam alaykum ndugu zangu.

Mie nasomesha Kiswahili na Uraia sekondari, hapa Pemba. Muhula huu nimeanza jambo ambalo nataka mnisaidie kulikuza, na pale mnapoona linakwenda kombo mniambie wazi.

Kila mwaka tukifika kwenye haki za binaadamu, watoto wananakili kwamba kila mtu ana haki ya makaazi. Wananakili, wanajibu mtihani, wanapata alama zao. Kisha wakitoka nje ya geti la skuli wanamrushia mawe mtu mmoja anayelala kwenye baraza la duka lililofungwa. Ni watoto hao hao waliopata alama.

Safari hii nimewawekea filamu. Nimechagua The Kid ya Charlie Chaplin, ya mwaka 1921, kwa sababu haina mazungumzo. Ukiwawekea watoto wetu filamu ya Kiingereza, nusu ya darasa inatazama nyuso za wenzao ijue wapi pa kucheka. Hii kila mtu anaanza nayo sawa. Maandishi yake ni machache, niliyasoma mwenyewe kwa Kiswahili, na haizidi sana saa moja. Madirisha tuliyaziba kwa kanga.

Kwa asiyeijua: mwanamke maskini anamwacha mtoto mchanga ndani ya gari la tajiri akitaraji atapata malezi mazuri. Gari linaibiwa, wezi wanamtupa mtoto kichochoroni, na anayemuokota ni mtu asiye na kitu. Anamlea miaka mitano. Siku mtoto anaumwa, daktari anagundua kuwa si wa kumzaa, wanakuja watu wa kituo cha yatima kumchukua kwa nguvu. Yule baba anapita juu ya mapaa ya nyumba mpaka anampata. Baada ya hapo hawawezi kurudi chumbani kwao, ndipo wanapokwenda kulala kwenye nyumba ya kulipia kitanda kwa usiku. Anatoa sarafu aliyonayo na kumficha mtoto chini ya blanketi.

Hapo niliisimamisha filamu nikauliza: "Huyu mwenye nyumba anajua nini juu ya mtu aliyesimama mbele yake?" Darasa kimya. Msichana mmoja akasema, "Anajua ana sarafu moja." Nikauliza, "Na nyie?" Mikono ikanyanyuka. Anapika. Anamfundisha mtoto kukaa vizuri akila. Kazi yake kutia vioo vya madirisha. Amekimbia juu ya mapaa kwa ajili ya mtoto asiyemzaa.

Nikawauliza, na yule wa barazani mnajua nini juu yake? Walijua jina la utani tu.

Niliwatuma wakawaulize wazee wao majumbani, na niliwakataza kumfuata yeye mwenyewe kumhoji. Walirudi na habari nzima. Alikuwa seremala. Nyumba aliyokuwa akiishi ilikuwa ya urithi, ndugu walitaka fungu lao, ikauzwa. Maradhi ya akili yalimuanza baada ya hapo, wala hayakumtoa yeye nyumbani kama tulivyokuwa tukidhani. Kijana mmoja alikuja kuniambia kwamba mlango wa mbele wa kwao aliuchonga yule bwana, na mamake ndiye aliyemwambia.

Mawe yamepungua sana. Hayajesha.

Nachotafuta kwenu ni hivi: filamu gani nyingine zinafaa? Na nifanye nini ili mambo yasiishie kwenye machozi ya dakika kumi? Mtoto kulia ni rahisi. Nataka akimuona mtu amelala chini ajiulize huyu alitoka wapi na ilikuwaje.

---

Msumari_Chake

Waalaykum salaam Maalim. Nakuheshimu kwa kazi yako lakini hili sikubaliani nalo. Watu wasio na makaazi ni tatizo la London na la Marekani, huko mtu anakufa jirani asijue. Sisi hapa mtu ana ami, ana shangazi, ana mjomba. Hata akikosa wote, kuna msikiti na kuna majirani. Huyo mmoja mgonjwa wa barazani hafanyi tatizo la jamii. Naona tunaingiza vichwani mwa watoto mambo ambayo si yetu, na silabasi yenyewe haimaliziki.

---

Bint_Shehia

Kaka Msumari, nimefanya kazi ya ustawi wa jamii, Unguja na Pemba, kwa hivyo niruhusu nikujibu kwa urefu.

Hatuna watu wengi wanaolala kwenye maboksi barabarani, hilo kweli. Lakini tuna mwanamke aliyepewa talaka usiku, akatoka na watoto na mabegi ya nguo. Anakwenda kwa dada yake mwezi mmoja. Shemeji anaanza kunung'unika juu ya umeme na unga. Anahamia kwa kaka, wifi naye ana yake. Anakwenda kwa bibi shamba, watoto wanahamishwa skuli, mkubwa anaacha kabisa. Mwanamke huyu hutamuona barazani hata siku moja, na pa kwake hana. Mwaka mzima analala kwa hisani ya watu. Na Qur'ani imesema wazi, Suratul Talaq aya ya kwanza, wanawake walioachwa wasitolewe majumbani mwao wakiwa kwenye edda. Wangapi wanaifuata?

Tuna familia zinazokaa kwenye nyumba za Mji Mkongwe zilizochoka, kila masika wanasikiliza dari. Beit al-Ajaib yenyewe, jumba la serikali lililokuwa kwenye ukarabati, sehemu yake iliporomoka Disemba 2020. Sasa fikiria nyumba ya mtu binafsi, ya urithi wa watu kumi na nane, ambayo hakuna anayekubali kutoa pesa ya chokaa.

Tuna vijana wa shamba wanaokuja mjini kutafuta kibarua na kulala kwenye mabaraza ya Darajani na sehemu za bandarini. Ukipita mchana unamuona kijana anauza maji, hujui kuwa pale ndipo anapolala.

Na kama tatizo si letu, Sebleni na Welezo zinafanya nini? Wale wazee wanaotunzwa pale wametoka wapi? Nyumba ya watoto ya Mazizini inafanya nini? Pencheni jamii ya wazee wa miaka 70 na zaidi ilianza 2016 kwa shilingi 20,000 kwa mwezi, ikaja kupandishwa mpaka 50,000. Serikali ilijua kwamba mzee kuwa na ukoo mkubwa hakumhakikishii chakula wala kitanda. Mapinduzi ya 1964 yenyewe yalileta nyumba za maendeleo, Michenzani, Kikwajuni, na huku kwenu Madungu na Mtemani, kwa sababu watu walikuwa hawana pa kukaa panapostahiki binaadamu. Kwa hivyo ni jambo letu la siku nyingi.

Maalim, wewe nina ombi moja kwako, na ni zito. Katika darasa lako yumo mtoto ambaye jana hakulala kwao. Simjui lakini yumo. Usimwambie mwanafunzi yeyote aeleze habari za nyumbani kwake mbele ya wenzake, hata ukiona anataka. Uzuri wa filamu ni kwamba anaweza kusema kila kitu kuhusu yule mtoto wa Chaplin na asiseme neno kuhusu yeye mwenyewe. Muachie hiyo sitara.

---

Maalim_Wete

Shukran sana dada. Hilo la sitara nalichukua kama lilivyo.

Nami nililiona bila ya kulitafuta. Yuko mwanafunzi mmoja, sikuwahi kumsikia sauti tangu Januari, aliyeandika kurasa tatu kuhusu usiku ule wa nyumba ya vitanda. Aliandika kama yeye ni yule mtoto chini ya blanketi, anahesabu hatua za mwenye nyumba. Sikumuuliza kitu. Nilimpa alama zake na nikamwambia ameandika vizuri. Nilizungumza na mwalimu wa ushauri nasaha pembeni.

---

Mzee_wa_Vuga

Vijana, nimesoma yote haya kwa raha. Mie umri wangu umepanda, nimekulia karibu na sinema ya Majestic. Nataka kuwaambia kuwa kufundishwa kwa filamu si jambo geni Zanzibar, ila zamani hakuna aliyeliita somo.

Maalim, watafutie Awaara. Raj Kapoor, 1951. Sijui filamu iliyopendwa hapa kuliko ile. Watu wameiona mara nyingi mpaka wanaimba nyimbo zake bila ya kujua Kihindi. Na huyo Raj Kapoor alimchukua Chaplin wako akamvisha Uhindi, mtu wa mitaani mwenye suruali fupi na tabasamu. Wanafunzi wataiona nasaba yao mara moja.

Lakini sababu yangu khasa ni hii aliyoisema Bint Shehia. Awaara inaanza na mke kutolewa nyumbani. Mumewe ni jaji. Mke ametekwa na jambazi, amerudi salama, ana mimba, watu wananong'ona. Jaji anaamini minong'ono, anamfukuza, mtoto anazaliwa nje kwenye mvua. Yule mtoto anakulia kwenye vibanda vya Bombay, mama mgonjwa, anaiba mkate anafungwa. Na kule jela anapewa mkate. Hapo ukumbi mzima ulikuwa unanyamaza.

Yule jaji anaamini kwamba mtoto wa mwizi lazima awe mwizi. Alimhukumu mtu kwa imani hiyo, na mtu huyo ndiye yule jambazi aliyekuja kumteka mkewe kulipiza. Kwa hivyo filamu nzima inamuuliza mtu mwenye nyumba nzuri: umewatoa nje wangapi kwa mdomo wako? Raj ndiye yule mtoto akishakua, na anayecheza jaji ni babake wa kweli, Prithviraj Kapoor, na ukiwaona wanakabiliana mahakamani mwili unasisimka.

Nakumbuka mama zetu walikuwa wakitoka Majestic wanajadili mpaka Mkunazini. Nani alikosea, mume au watu waliomjaza maneno? Mabibi waliosemwa kuwa hawakusoma walikuwa wakizungumza haki na sheria njiani usiku. Kwa hivyo Maalim, yale mazungumzo baada ya filamu ndiyo yenyewe. Siku hizi kila mtu anatazama na simu yake peke yake chumbani, ikesha anafungua nyingine.

Ila ni ndefu, karibu saa tatu. Ikate.

---

Umm_Nassor

Assalaam alaykum. Mie mzazi, mwanangu yuko kidato cha pili ingawa si skuli ya Maalim.

Sina tatizo na wazo. Wasiwasi wangu ni yaliyomo. Katika hiyo ya Chaplin mwanamke amezaa bila ndoa, na hiyo ya Kihindi ina nyimbo na mambo ya mapenzi. Mwalimu atasemaje watoto wakiuliza? Na ruhusa ipo? Naona wengine wanaweka filamu yoyote waliyoipata kwenye flashi.

---

Maalim_Wete

Bi Umm Nassor, swali lako ni la haki.

Kuhusu ruhusa: mkuu wa skuli aliitazama yote kabla ya mwanafunzi mmoja kuiona, na wazazi wa kamati ya skuli waliitwa, wakaja watatu. Ingekuwa ni kuonesha uwanjani kwa watu wote, ningepeleka kwanza kwa BASSFU, Baraza la Sanaa, Sensa ya Filamu na Utamaduni, maana ukaguzi wa filamu ni kazi yao.

Kuhusu yule mwanamke: nilidhani watauliza alivyopata mimba. Hawakuuliza. Waliuliza baba wa mtoto yuko wapi, na kwa nini aliyetoka hospitali na mzigo mikononi ni mmoja. Niliwaacha wazungumze, na wavulana ndio walioongea zaidi. Sisi hapa tunasikia kichanga kimeokotwa sehemu fulani, tunamlaani mama, habari inaishia hapo. Kwa hivyo sitaki kulikata lile eneo. Nyimbo za mapenzi za Awaara nitazikata bila ya shaka, hazina kazi kwenye somo hili.

---

Msomaji_Tunguu

Naomba niongeze moja, ingawa kwa watoto wa kidato cha pili ni nzito, labda cha nne.

Cathy Come Home ya Ken Loach, ilioneshwa na BBC Novemba 1966. Waliitazama watu kama milioni 12, karibu robo ya Waingereza wote wa wakati ule. Inaanza na vijana wawili wamefunga ndoa, wana furaha, wana nyumba ya kupanga yenye kila kitu. Mume ni dereva, anaumia kazini, kazi inakwenda. Kodi inawashinda. Wanahamia kwa mama mkwe, wanagombana. Wanahamia kwenye karavani. Mwisho wanapelekwa kwenye makaazi ya dharura ambayo wanaume hawaruhusiwi kulala, kwa hivyo mume anatengwa na mke na watoto. Eneo la mwisho Cathy yuko stesheni ya reli na watoto wake, na maofisa wanakuja kuwachukua watoto wale.

Hakuna mtu mbaya mle. Hakuna mlevi wala mvivu. Kila hatua unasema hata mie ningefanya hivyo. Kelele zake zilifika bungeni. Shirika la Shelter, la kuwatetea wasio na makaazi, lilizinduliwa wiki mbili baadaye (lilikuwa limeshaandaliwa, filamu ikalipa nguvu), jingine kama hilo, Crisis, likafuata mwaka 1967, na ile tabia ya kuwatenga akina baba na familia zao ikaanza kuachwa katika baadhi ya miji.

Jambo jingine, Maalim, waambie wanafunzi wako kuwa Chaplin hakutunga kutoka hewani. Alizaliwa 1889. Mwaka 1896 akiwa na miaka saba aliingizwa nyumba ya kazi ya maskini ya Lambeth, London, pamoja na mamake na kakake. Wakifika tu wanatenganishwa, mama upande wake, watoto upande wao. Baadaye mamake akapelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili. Ukijua hayo, lile gari la kituo cha yatima na mtoto anavyonyoosha mikono unalitazama kwa jicho jingine.

Na ningewakataza zile filamu za mtu alalaye chooni na mwanawe halafu kwa bidii yake anakuwa milionea. Ni nzuri, vijana wanazipenda, nazijua kwa moyo. Lakini mtoto akitoka hapo anaamini kwamba aliyebaki nje amebaki kwa uvivu wake. Akimuona seremala wako barazani, atamuuliza kwa nini hukujitahidi.

---

Msumari_Chake

Nimesoma yote. Bint Shehia, hilo la mwanamke anayehamahama siwezi kulikataa, limenigusa kwa karibu na sitaeleza zaidi.

Lakini bado nina neno. Kutazama filamu hakumjengei mtu nyumba. Watoto watalia kwa ajili ya Mzungu wa 1921, watarudi nyumbani wamejiona wema, na yule bwana bado yuko barazani. Na kuna kitu kibaya zaidi. Vijana wa sasa wakiguswa wanatoa simu. Nimeona kwa macho yangu, kijana anampa maskini mkate huku mwenzake anarikodi, maskini anaambiwa aseme ahsante mara ya pili kwa sababu ya kwanza haikusikika. Ikapandishwa mtandaoni na muziki wa huzuni. Maalim, ukiwafundisha kwamba kamera ndiyo inayoleta huruma, hiki ndicho utakachovuna.

---

Maalim_Wete

Ndugu Msumari, hapa umenipa kitu kikubwa kuliko vyote nilivyokuja kutafuta.

Kipindi kijacho nitakifanya kiwe hiki hiki. Nitawawekea tena lile eneo la nyumba ya vitanda, na nitawauliza: kamera imekaa wapi? Chaplin ameiweka mahali ambapo sisi tunamjua mtu yule na mwenye nyumba hamjui. Kisha niwaulize, katika zile video za mkate, kamera imekaa wapi? Imekaa upande wa mtoaji. Anayejulikana jina ni mtoaji. Aliyepewa hana jina, hana kazi aliyoifanya, hana mlango aliouchonga. Na Suratul Baqara aya ya 264 inakataza kuiharibu sadaka kwa masimbulizi, yaani kumtajia mtu wema uliomtendea, na udhia. Wanafunzi wangu wote wanaisoma chuoni jioni. Sijui kama kuna mtu aliyewaonesha kwamba simu mkononi inaweza kuwa ndiyo masimbulizi yenyewe.

La kujenga nyumba uko sawa pia. Lakini hawa baada ya miaka kumi ndio watakaokuwa masheha, makadhi, mawifi, mashemeji, warithi wanaogawana nyumba ya baba yao. Uamuzi wa kuuza nyumba ambayo ndugu mmoja mgonjwa anaishi ndani yake utakuwa mikononi mwao. Nataka siku hiyo wawe wameshawahi kukaa darasani wakajadili.

---

Bint_Shehia

Na kwa sasa hivi kuna la kufanya pia. Kwa yule seremala, msipeleke darasa zima na mifuko ya zawadi. Mwalimu mmoja, au mzazi mmoja anayemjua toka zamani (huyo mama mwenye mlango angefaa), aende kwa sheha. Sheha anajua ukoo wake na anaweza kuwaita ndugu. Kutoka hapo lifike Ustawi wa Jamii wilayani, na hospitali kwa matibabu ya akili. Itachukua muda na kuna siku mtasumbuliwa. Nitumie ujumbe wa faragha nikueleze nani wa kuanza naye Wete.

---

Mzee_wa_Vuga

Maalim, ninayo Awaara kwenye flashi, nakala safi. Tarjama yake ni ya Kiingereza. Ukitaka nitakaa na mjukuu wangu turikodi maelezo kwa Kiswahili ya sehemu tatu: kufukuzwa mke, mkate wa jela, na mahakamani. Tafuta mtu anayerudi Pemba na boti nimkabidhi.

---

Maalim_Wete

Mzee wangu, Mungu akuweke. Yuko mwenzangu anasoma Tunguu, Alhamisi anavuka. Nitampa namba yako kwa faragha. Ila nakuomba uongeze na sehemu ya nne, pale jaji anapowasikiliza watu wanaomnong'oneza kabla hajamfukuza mkewe. Nataka waone ni nani na nani waliokuwemo chumbani.

---

Mzee_wa_Vuga

Ile ni ndefu kidogo, na yuko shemeji yake anayechochea. Nitairikodi yote, usiikate.